Kumdai Mtoza Kodi Chenji

Mtu aliyekulia kijijini Tanga kabla ya mwaka 2003 hahitaji kufundishwa adabu za kukutana na mtoza kodi. Adabu yenyewe ni kukimbia. Enzi za kodi ya maendeleo, mgambo akichomoza njia panda, wanaume wazima wenye ndevu zao waliingia mashambani kwa bidii ambayo msimu wa kilimo haukuwahi kuiona, na sisi watoto tulikuwa tumeshakaririshwa jibu: "Baba kasafiri." Kasafiri kwenda wapi? "Mbali." Kodi ile ikafutwa mwaka 2003. Woga wake haukufutwa. Mimi niliufungasha kwenye begi nikaja nao Leicester.

Basi mnielewe nilivyoduwaa nilipoambiwa kwamba Uingereza mtu anaweza kumpigia simu mtoza kodi, kwa hiari yake, mchana kweupe, akamwambia: umezidisha, naomba changu.

Chanzo cha yote kilikuwa herufi mbili. Mwezi wa Novemba niliacha kazi ya ghala nikaingia kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kupitia wakala wa ajira. Mfanyakazi mpya asipokuwa na P45, yaani ile karatasi anayopewa na mwajiri anayemwacha, hujaziwa fomu yenye maelezo matatu: A, B na C. A ni ya mtu ambaye hii ndiyo kazi yake ya kwanza tangu tarehe 6 Aprili. B ni ya mwenye kazi hii moja tu kwa sasa, ingawa alikuwa na nyingine kabla yake. C ni ya mwenye kazi nyingine inayoendelea, au pensheni. Kijana wa pale ofisini alinijazia yeye, sendwichi mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. Akaniuliza, "Umewahi kufanya kazi nyingine?" Nikasema ndiyo. Akatia alama kwenye C, akauma sendwichi, akaita mwingine.

Slipu ya mshahara ilipokuja, pale penye msimbo wa kodi paliandikwa BR. Nikaipeleka sebuleni kwa wenzangu tunaoishi nyumba moja, kila mmoja mtaalamu. Wa chumba cha juu, ambaye ana miaka mingi hapa na kwa hiyo hapingwi, alisoma, akatabasamu, akanipa mkono. "Hongera kaka. BR ni British Resident. Wameshakutambua." Siku ile nilipika pilau. Wa chumba cha nyuma alikula, akanawa, ndipo akauliza: kama wamekutambua, mbona mshahara umepungua?

BR ni kiwango cha msingi, na maana yake ni kwamba unakatwa asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza. Hakuna kusamehewa kitu. Msimbo wa watu wengi ni 1257L, na tarakimu zile si fumbo: ongeza sifuri moja mwishoni upate 12570, yaani pauni 12,570 unazoruhusiwa kupata kwa mwaka kabla kodi haijagusa kitu. Mwenye kazi mbili huwekewa BR kwenye ile ya pili, kwa kuwa msamaha wake umeshatumika kwenye ya kwanza. Mimi ya kwanza nilikuwa nimeiacha, kwa hiyo msamaha wangu ulikuwa umebaki ghalani peke yake, unapanga maboksi. Asilimia 20 ya 12,570 ni pauni 2,514 kwa mwaka, karibu pauni 48 kila wiki. Pilau ile ilinigharimu zaidi ya nilivyodhani.

Habari hizo zilipoenea, wasaidizi walijitokeza. Kuna biashara nzima hapa ya watu wa kukudaia kodi yako. Matangazo yao yana picha ya mtu anayeruka hewani kwa furaha, na maneno makubwa kwamba hulipi kitu mpaka pesa irudi. Maneno madogo yapo chini. Kwenye lile nililopewa, yalisema asilimia 40, na VAT juu yake. Nikakaa na kalamu. Kama narudishiwa pauni 800, asilimia 40 ni 320. VAT ya asilimia 20 juu ya hizo ni 64. Wao 384, mimi 416, na aliyesimama usiku kucha kuwageuza wazee ubavu ni mimi. Zamani ilikuwa mbaya zaidi: watu walitia saini hati ya kuhamisha haki ya fedha zao, wakaja kugundua kwamba hata marejesho ya baadaye yanapitia kwa kampuni. Tangu Machi 2023 sheria haizitambui tena hati za namna hiyo.

Nilitaka kutia saini hivyo hivyo, nasema kweli. Pauni 416 bila kuongea na mtoza kodi niliziona za halali kabisa. Aliyenizuia ni shangazi, mwenye nyumba. "Mwanangu," akasema, "huyo unayemlipa atafanya nini?" Nikamwambia atapiga simu. "Na simu unayo?" Ninayo. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaizima televisheni, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Njia nyepesi ni intaneti. HMRC, yaani watoza kodi wenyewe wa Uingereza, wana akaunti ya kodi ya kila mtu, bure, na programu ya simu pia. Ukiingia unaona msimbo wako, mapato wanayodhani unayo, na waajiri wanaodhani unao. Nilipofungua nilikuta ile kazi ya ghala bado ipo, hai, inanisubiri. Ningeweza kurekebisha papo hapo. Lakini shangazi ni mtu wa zamani, alitaka sauti. Nikapiga. Kwanza nilivaa shati na kulichomekea. Muziki wa kusubiri ulipoanza, yeye alianza dua, na vikaenda sambamba vizuri tu. Dada mmoja alipopokea nikajikuta nimesimama wima kama nimeitwa na mwalimu mkuu. Akaomba namba yangu ya bima ya taifa, tarehe ya kuzaliwa, jina la mwajiri niliyemwacha na siku niliyomwacha. Akanyamaza kidogo, akasema nimelipa kodi zaidi ya inavyostahili, na msimbo wangu atausahihisha. Kisha akauliza kama kuna jambo jingine angeweza kunisaidia. Huo nikaujua ni mtego. Nikasema hapana, asante, Mungu akubariki, nikakata upesi kabla hajauliza baba yuko wapi.

Nilibahatika kwa kuwa tulikuwa Februari. Mwaka wa kodi wa Waingereza huanza tarehe 6 Aprili, tarehe isiyo na kichwa wala miguu, ambayo chanzo chake ni kalenda: mwaka 1752 walifuta siku 11, wakalala tarehe 2 Septemba wakaamka tarehe 14, na hazina yao haikuwa tayari kuzipoteza siku hizo kwenye hesabu. Kosa likisahihishwa ndani ya mwaka uleule, mwajiri anapelekewa msimbo mpya na fedha zinarudi kwenye mshahara unaofuata. Mwaka ukishapita, unasubiri barua inayoitwa P800, au unadai mwenyewe.

Pauni mia nane na ushee ziliponirudia, sebule yote ilipata wazimu. Ikagundulika kwamba anayefua sare ya kazi mwenyewe, bila kulipwa na mwajiri, anaweza kudai nafuu ya pauni 60 kwa mwaka, ambayo kwa mlipa kodi wa kawaida ni pauni 12 mkononi. Wa chumba cha juu, mtaalamu wa BR, akaandaa madai ya koti la baridi, buti, soksi mbili mbili na blanketi, kwa hoja kwamba bila hivyo mtu wa Pwani hafiki kazini akiwa hai. Hoja ni nzito. Kanuni, hata hivyo, haikubali nguo za kawaida, hata kama unazivalia kazini. Amekasirika mpaka leo, na anasema mfumo huu unawapendelea watu waliozaliwa na manyoya.

Wewe uliyeko Uingereza, itoe slipu yako hata kama iko chini ya godoro. Ukikuta BR, au herufi M1, W1 au X mwishoni mwa namba, na una kazi moja tu, ingia kwenye akaunti yako uwaambie. Marejesho hudaiwa kwa miaka minne nyuma, na simu zao hupokelewa Jumatatu hadi Ijumaa. Ujumbe mfupi unaokupongeza kwamba una marejesho na kukutaka ubonyeze kiungo, ufute: huo ni wa matapeli.