Jiwe Halilipiwi Kodi

Kwetu Tanga mtu akipotea ni kwa kutaka mwenyewe. Ngamiani barabara zina namba: ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, mpaka unavuka ishirini, na zote zimenyooka kama zimepigwa rula. Ukiambiwa njoo Barabara ya Kumi na Mbili, unahesabu tu. Nimekulia humo, nikadhani miji yote ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusomea udaktari Bugando, Mwanza, suala la pa kulala halikunikosesha usingizi. Fomu ya bweni niliiweka juu ya kabati ili nisiisahau, na kweli sikuisahau. Niliikumbuka siku mbili baada ya tarehe ya mwisho, nikiwa harusini Pangani na sahani ya pilau mapajani. Hapo ndipo nikaanza kutafuta dalali.

Namba yake nilipewa na mtu aliyepewa na mtu. Akanitumia picha kwa WhatsApp, kisha akanipigia.

"Kaka, hiki chumba ni cha daktari kabisa. Tailizi, jipsamu, dirisha la alminiamu, choo ndani, luku yako mwenyewe. Ukifungua dirisha hospitali hiyo hapo."

"Yaani naiona?"

"Unaiona mpaka unaichoka."

Nikamtumia laki moja ya kukishikilia, maana alisema kuna mwalimu na mtu wa benki wanakigombea. Hao mwalimu na mtu wa benki nimewafahamu vizuri baadaye. Wapo kwenye kila chumba kinachopangishwa nchi hii, na hawajawahi kukipata hata kimoja.

Basi lilitushusha Nyegezi usiku, miguu imevimba tangu Singida. Nikalala gesti, nikaamka asubuhi, nikatoka nje, nikasimama. Watu walikuwa wamejenga juu ya mawe. Sisemi karibu na mawe. Juu yake, katikati yake, mengine yakiwa makubwa kuliko nyumba zenyewe, na nyumba zimekaa huko juu kwa utulivu kama mbuzi. Mtu wa pwani akiona jiwe limesimama juu ya jiwe jingine bila kushikwa, anatafuta kwanza pa kukimbilia. Wenyeji walikuwa wanaanika nguo chini yake.

Hospitali ya Bugando yenyewe iko juu ya kilima, na imekuwepo hapo tangu 1971, jengo refu linalotazama mji mzima. Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Kitu kinachotazama mji mzima, mji mzima nao unakitazama. Dalali alinipeleka kwa bodaboda, tukashuka, tukapanda, tukavuka daraja, tukapanda tena, akafungua mlango, akafungua dirisha la alminiamu, na kweli, ng'ambo ya bonde, juu ya kilima kingine kabisa, hospitali ile pale, ndogo kama kiberiti.

"Si unaiona?" akasema.

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa naiona. Ile laki moja nayo alikuwa ameishikilia kweli, maana mpaka leo hajaiachia.

Dalali wa pili alikuwa mzee wa makamo mwenye kofia ya pama na maneno machache, jambo lililonipa imani. Yeye alitaka elfu kumi ya kuzungusha, na chumba kikipatikana, kodi ya mwezi mmoja iwe yake. Tukazunguka siku tatu. Chumba cha kwanza kilikuwa ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga. Mwenye nyumba alinihakikishia kwamba mtu anazoea, akanihakikishia kwa kupiga kelele. Cha pili kilikuwa kizuri, ila ufunguo wa choo alikaa nao mpangaji mmoja mlinzi, ambaye usiku yuko lindoni na mchana amelala hataki kugongewa. Cha tatu nilikipenda mpaka nilipoambiwa wapangaji watano tunatumia luku moja. Luku maana yake ni Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, lakini penye watano na mmoja wao ana pasi, jokofu na saluni ya kificho, unalipa kadri mwenzio atumiavyo.

Kilichonishinda zaidi ni maelekezo. Nilizoea namba. Hapa mzee ananiambia kwa simu: "Panda mpaka jiwe lililolala. Kata kushoto. Utaona jiwe limebeba jiwe, hapo usiende. Kuna lingine kama chura, chini yake yupo mama anauza dagaa. Muulize." Nikapanda. Mawe yote yalikuwa yamelala, na yote yamebeba mengine. Mama wa dagaa nilimpata saa nzima baadaye, akaniuliza kwa upole kwa nini nimekuja kwa njia ya mbuzi wakati ngazi hizo hapo.

Nyumba ya mama mwenye nyumba wangu ilikuwa hatua chache juu ya chura huyo. Mzee alikuwa amenifundisha salamu ya Kisukuma ili nipunguziwe bei, nami nikaitoa kwa nguvu zangu zote: "Mwangaluka, mayu!"

Ilikuwa saa kumi jioni. Yule mama aliacha kupepeta karanga, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Hiyo tuliimaliza asubuhi, mwanangu. Karibu."

Alinikalisha kwenye kigoda, akaniletea michembe na chai. Nilitafuna nikiwaza ni mihogo ya aina gani hii, kumbe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Kisha akaanza kunihoji, na nimefanya mitihani ya mdomo mingi tangu siku ile, hakuna uliofikia ule. Unatoka wapi. Baba yuko hai. Unakunywa. Una mchumba. Unasomea udaktari wa nini, wa watu au wa ng'ombe. Niliposema wa watu alionekana kusikitika kidogo, maana kijijini alikuwa na ng'ombe. Halafu akakumbuka jambo.

"Presha unajua kupima?"

Nilikuwa sijaingia hata kipindi kimoja. "Najua," nikasema.

Ndipo akanionyesha chumba. Kilikuwa na kuta tatu. Wa nne ulikuwa jiwe. Fundi alijenga akafika kwenye jiwe, akaona tabu ya nini, akaunganisha bati juu yake. Jiwe lilianzia mlangoni likaja likavimba katikati, kiasi kwamba kitanda kiliingia kwa kukaa mshazari.

"Mama, mbona jiwe limekula robo ya chumba?"

"Chumba ni elfu hamsini," akasema. "Jiwe sikutozi."

Nikalipa miezi sita, na mwezi mmoja wa mzee. Bumu lilikuwa bado halijaingia, kwa hiyo hiyo ilikuwa hela ya mama yangu ya kikoba, na nilipompigia kumweleza, nilisema kuta ziko imara sana.

Na kweli jiwe lile nimelisema vibaya mno kuliko linavyostahili. Wakati wa joto lilikuwa baridi kama mtungi. Nililiegemezea mgongo nikasoma mifupa ya mkono yote. Lilikuwa na kibonde kidogo kilichotosha kikombe. Mvua zilipoanza ndipo lilipoonyesha tabia: maji yaliteremka juu yake taratibu, bila sauti, yakapita chini ya bati yakaingia kwenye madaftari. Na lilikuwa na wenyewe. Pimbi walishinda juu ya bati wakikimbizana kama watoto wa madrasa waliotoroka, na mjusi mmoja, kichwa chekundu, mwili wa buluu, alikuwa akitokeza kwenye ufa saa nne asubuhi, ananipigia pushapu. Wataalamu wanamwita Agama mwanzae, yaani ana jina la mji. Baada ya kujua hilo niliacha kumfukuza. Kati yetu wawili, mgeni alikuwa mimi.

Dakika kumi za kwenda chuoni alizoniahidi mzee zilikuwa za kweli, ila sikuwa nimeuliza za kurudi. Asubuhi nilishuka kama gurudumu, nikapanda kidogo tu upande wa pili, nikafika darasani hata jasho halijatoka. Jioni njia ileile ilichukua nusu saa, na nilipumzika kwa chura. Mwalimu wa anatomia alipofika kwenye vigimbi, darasa zima linahangaika kukariri ni misuli gani imelala juu ya ipi, mimi nilikuwa naisikia mmojammoja inavyolalamika.

Maji yalikuwa hesabu nyingine. Ziwa Victoria, ambalo Afrika nzima hakuna linalolizidi ukubwa, lilikuwa pale chini linametameta, mimi niko juu naoga kwa kopo. Wabeba madumu walipanga bei kwa mwinuko: chini kwenye ngazi mia tatu, kwa chura mia nne, kwetu mia tano. Nilijaribu kubeba mwenyewe siku moja. Siku ya pili nikaona mia tano ni haki yao.

Lakini presha. Jumapili ya kwanza mama mwenye nyumba aligonga mlango saa moja asubuhi, amevaa sweta, amekunja mkono tayari. Nikamwambia kipimo kimebaki Tanga. Jumapili iliyofuata nikasema kiko njiani. Ya tatu niliazima kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kile cha kubonyeza kwa mkono, pamoja na kile cha kusikilizia. Nikamfunga juu ya sweta. Nikabonyeza mpaka mpira ukagoma. Nikasikiliza. Kimya kabisa. Nikasikiliza tena, jasho likinitoka, nikiwaza namna ya kumwambia mtu anayesimulia ugomvi wa shamba kwamba hana mapigo. Kumbe vya masikioni nilikuwa nimevigeuza.

"Ngapi?" akauliza.

"Ya kawaida," nikasema.

"Nilijua," akasema, akaniachia bakuli la karanga.

Habari zikaenea. Kufikia mwezi wa pili, mlango wangu ulikuwa zahanati. Nilikuwa nimesoma mkono kuanzia begani mpaka kwenye vidole. Wao walikuja na matumbo. Mmoja alileta kuku. Nilimwambia kila mtu aende hospitali, ile pale, unaiona, na waliondoka wakisifu kwamba huyu daktari hana tamaa.

Mwaka wa tatu nilikuwa najua kupima kweli. Nilijua mtu akae atulie dakika tano, mkono uwe wazi, na asiongee, kwa sababu kuongea tu kunaipandisha. Hilo la mwisho sikuwahi kumwambia mama mwenye nyumba. Sikuwa na moyo wa kumnyamazisha mtu aliyenipa jiwe bure.

Ndipo mama yangu akaja kunitembelea, na mfuko wa machungwa ya Muheza na nazi sita. Bodaboda ilimfikisha mwisho wa lami; yaliyobaki alipanda kwa miguu yake, akisimama kila ngazi ya kumi kuniuliza kama bado. Alipoingia chumbani hakusema salamu. Alikaa juu ya jiwe akahema.

"Daktari," mama mwenye nyumba akasema toka mlangoni, "mpime mama yako."

"Apumzike kwanza, mama."

"Mimi mbona unanipima hapohapo?"

Nikampima. Mia na sitini na nane juu ya tisini na sita. Mwenye nyumba akanyoosha mkono wake huku anamweleza mgeni habari za shamba: mia na arobaini na nne. Akatabasamu kama mtu aliyesomewa matokeo ya mwanawe.

"Pole, dada," akamwambia mama. "Ni pwani, chumvi nyingi."

Mama yangu akakunja upya mkono wa baibui. "Pima tena."

Safari hii alikaa wima, macho kwenye jiwe, mdomo ameufunga kama anasubiri kupigwa picha ya kitambulisho, maana nilikuwa nimemnong'oneza. Mia na thelathini na sita. Mwenye nyumba akadai kipimo kibovu, akavua sweta, akakaa, akaeleza kwa kirefu kwa nini ni kibovu huku mimi namfunga. Mia na hamsini na mbili.

Mama yangu akamenya chungwa, akamkatia nusu, akamuuliza lile shamba lilikuwa na ugomvi gani hasa.