Msamaha wa Ikulu

Katika msamaha wa rais, Katiba ya Marekani imeandika mipaka miwili tu: asamehe makosa dhidi ya serikali kuu pekee, na asimwokoe mtu na Bunge linapoamua kumng'oa madarakani. Kwingine kote, ruksa. Septemba 1974 Gerald Ford alimsamehe mtangulizi wake Richard Nixon makosa ambayo hata hakuwa ameshtakiwa. Desemba 2024 Joe Biden akamsamehe mwanawe Hunter makosa ya karibu miaka 11 mizima, aliyoyatenda na ambayo huenda aliyatenda. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwezi uliofuata Donald Trump akawasamehe watu wapatao 1,500 wa ghasia za Januari 6, 2021, kwenye jengo la Bunge, wengi kwa mkupuo.

Na kujisamehe mwenyewe? Wanasheria wa Wizara ya Sheria walijibu Agosti 1974: haiwezekani, mtu hawi hakimu wa kesi yake. Siku nne baadaye Nixon akajiuzulu. Trump, mwaka 2018, alidai haki hiyo anayo kamili, ila ya nini, naye hajakosa? Mahakama haijawahi kuulizwa. Siku ikifika, mwombaji, mtoaji na mpokeaji wakiwa mtu mmoja, angalau foleni itakuwa fupi.