Shangazi wa Uani: Mume na Brashi, Mkwe na Mawese

Mvua zimekatika, kusi imeanza kusukuma mawimbi, na kama kila Juni watu wa Bangwe wamegundua kwamba wana sakafu. Tangu Oktoba hakuna aliyeitazama. Tuliivuka mbio, kanga kichwani, viatu mkononi. Sasa jua limetoka, kila doa limejitokeza, na barua zote za mwezi huu zinahusu jambo hilohilo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa talaka na mirathi. Haya, tuanze.

*

"Shangazi, shikamoo. Mume wangu alipostaafu, kiinua mgongo chote kikaishia kwenye vitofali vya pevingi, kutoka getini hadi ngazi za kushukia ziwani. Sasa pevingi zimeota madoa ya duara, meupe yenye ukijivu, na mengine meusi. Baba watoto anaamka alfajiri kuyakwangua kwa brashi ya waya, na hayatoki. Mama mkwe anakuja mwisho wa mwezi kutoka Kasulu, na huyu mama huona uchafu hata kwenye barafu. Je, nimeolewa na mtu au na brashi?
Mke wa Mstaafu, Bangwe."

Marahaba, mwanangu. Mnyang'anye hiyo brashi leo hii, kabla hujamaliza kusoma.

Hayo madoa si uchafu. Ni viumbe hai, tena wawili walioingia katika ndoa. Kuvu ndiye mjenzi: anajigandamiza kwenye saruji, anashika unyevu, anaezeka. Mwani ndiye mpishi: anakaa ndani na kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, wanakula wote. Aliyelieleza hili alikuwa Mswisi, Simon Schwendener, mwaka 1867, na mabingwa wa madoa wa zama zake wakamcheka. Yeye hakuiita ndoa, bali alisema kuvu ni bwana na mwani ni mtumwa wake. Wenye ndoa za miaka thelathini wataamua wenyewe kama kuna tofauti.

Sasa mumeo anavamia nyumba ya watu kwa waya. Matokeo ni matatu. Saruji inachubuka, na palipochubuka kuvu hupata pa kushika vizuri zaidi. Vipande vinavyoruka huweza kuanza maisha mapya kwenye kitofali cha jirani, kwa hiyo kila alfajiri mzee anapanda shamba. Halafu nywele za ile brashi zinakatika, zinabaki kwenye mianya na kushika kutu, na mwezi ujao utaniandikia kuhusu madoa mekundu.

Afanye hivi. Jioni alowanishe sakafu kwa maji matupu, maana kuvu kavu ni ngumu, ikishakunywa maji inalainika. Asubuhi, jua likiwa bado chini, achanganye jiki sehemu moja na maji sehemu tatu, avae glovu, ajaribu kwanza kona isiyoonekana, kisha apake eneo dogo dogo. Aiache hadi nusu saa bila kuiruhusu kukauka, asugue kwa brashi ngumu ya nailoni au fagio la chelewa, asuuze. Baada ya wiki arudie. Yale meusi yana vijizizi vilivyozama ndani ya saruji. Yatakufa lakini kivuli kitabaki mpaka mvua mbili tatu zikifute. Wenye mashine za presha za kuoshea magari watawaambia kazi ni ya dakika kumi. Ni kweli, dakika kumi, na mchanga wote ulioshikilia vitofali unaondoka nayo. Tena kwa kuwa ua wenu unashuka ziwani, awafikirie na samaki: atengeneze tuta la mchanga juu ya ngazi, maji ya jiki yaishie ardhini.

Kuhusu mama mkwe, tandika mkeka juu ya doa kubwa kuliko yote na umkalishe hapo. Akiuliza kuhusu mengine, mwambie ni cheti. Mwaka 1866 mtaalamu aitwaye William Nylander aliona kwamba bustani ya Luxembourg mjini Paris bado ilikuwa na madoa haya, wakati sehemu nyingine za jiji moshi wa makaa ulikwisha kuyaua. Mengi ya jamii hii hayavumilii hewa chafu. Kwa hiyo ua wako umethibitishwa. (Nylander huyohuyo alikuwa miongoni mwa waliompinga Schwendener kwa ukali. Wataalamu nao wana wakwe.)

*

"Shangazi, fundi wangu anasema jiki peke yake ni maji ya watoto. Anataka achanganye na ile dawa ya choo yenye asidi ili nguvu ziungane. Anataka elfu hamsini.
Mwenye Haraka, Kibirizi."

Mpe chai, mpe nauli, afunge mlango akiwa nje.

Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini. Ndiyo gesi ambayo jeshi la Wajerumani liliifungulia upepo pale Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Mwezi Februari mwaka huohuo Wajerumani wengine walikuwa hapa Kigoma wakiishusha majini Götzen, ambayo leo ni Liemba wetu. Kazi ile ya meli tunaikumbuka kwa wema. Ile nyingine usiilete uani kwako kwa elfu hamsini. Hata asidi ikiwa peke yake inakula saruji: doa litaondoka, ni kweli, pamoja na uso wa kitofali lilichokalia.

Na penye mkojo wa mbuzi suuza kwanza. Jiki na mkojo navyo havipatani.

*

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mvuvi, niko Katonga. Ngazi za nyuma zimeota ukoga wa kijani, na juzi mama aliteleza akiwa na beseni la dagaa. Mama hakuvunjika, beseni ndilo lililopasuka. Muuza pembejeo amenishauri mrututu, eti nikinyunyiza mara moja nasahau ukoga miaka mitatu. Ninunue?
Mtoto wa Mama, Katonga."

Marahaba. Usinunue. Na mama apite mlango wa mbele kuanzia leo, hata kama wageni wamekaa hapo.

Barua yako ndiyo pekee mwezi huu niliyoisoma bila kucheka. Wengine wote wana shida ya macho. Doa kavu la kuvu linakaa miaka, halimwangushi mtu. Ukoga laini wa kijani ni mwani mtupu, hauna hata kuvu wa kuushikilia, na ukilowa unakuwa mafuta. Mama wa umri wake akianguka vibaya huenda ikawa nyonga, na nyonga haiuzwi sokoni kama beseni. Kama una nguvu ya kusugua kitu kimoja tu mwaka huu, acha ua mzima na sugua ngazi.

Mrututu unaua ukoga, muuzaji hakudanganya. Wakulima wanautumia siku nyingi dhidi ya ukungu wa mimea. Kinachoua ndani yake ni shaba, na shaba haiozi. Mvua ya kwanza itaiosha kutoka kwenye ngazi zako, na ngazi za Katonga zinaelekea sehemu moja. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na mto unaotoka humo ni mmoja tu, Lukuga, kule upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kupanda hewani na jua. Shaba haipandi hewani. Inabaki hapo, pamoja na nyavu zako, pamoja na maji ya kunywa ya watu wa Bujumbura, Kalemie na Mpulungu ambao hata hawajui kwamba mna ngazi.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mna majirani wanaokula ukoga bure. Hapo kwenye miamba chini ya maji wapo samaki wadogo wa jamii ya Tropheus ambao kutwa nzima hawana shughuli nyingine: wanakwangua mwani kwenye mawe kwa meno. Hawapatikani kiasili katika ziwa lingine lolote duniani. Wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya huwalipia fedha nzuri. Wao wanafanya kazi unayotaka kumpa mrututu, na mrututu ndio utakaowaua. Bahati mbaya hawapandi ngazi.

Kwa hiyo kazi ni yako. Chemsha maji, yamwage ngazi baada ya ngazi yakiwa bado yanatokota, kisha kwangua kwa koleo bapa na usugue. Hilo litakupa wiki chache tu, usijidanganye, maana ukoga una sababu ya kuwa hapo. Niambie ukweli: dagaa mnawaoshea wapi? Nilijua. Maji ya dagaa ni mbolea, na mmekuwa mkiumwagilia ukoga kila jioni kama mchicha. Hamishieni beseni kwenye migomba, nayo itawashukuru. Tazama na bati: kama linadondoshea kwenye ngazi, weka mfereji. Mwembe uliozifunika ukatwe matawi ya chini jua lifike. Mwisho mwite fundi apige lipu mpya juu ya kila ngazi na kuikwaruza kwa fagio kabla haijakauka, unyayo upate pa kushika, na pembeni asimike bomba la kushikilia. Fundi asiwe yule wa Kibirizi.

*

"Mwanangu Shangazi, mimi ni mtu mzima, nasema ninachokiona. Mara ya mwisho nilipokuwa Bangwe kwa mwanangu niliona ukuta wa uani, upande wa ziwani, umejaa mawese. Wekundu mtupu, kuanzia chini hadi dirishani. Nilimuuliza mkamwana, akasema hajui. Mtu anamwaga mafuta ya watu ukutani halafu hajui? Naenda tena mwisho wa mwezi. Nimuulize kwa njia gani?
Mama Mzaa Chema, Kasulu."

Shikamoo, mama. Sitasema ni nani mwingine anayesoma safu hii.

Usimuulize kwa njia yoyote. Upande huo wa nyumba unapata unyevu wa ziwa na hauoni jua la asubuhi, na kuta za namna hiyo katika nchi za joto huota aina ya mwani ambayo si ya kijani hata kidogo. Ni ya rangi ya machungwa, pengine nyekundu kabisa, na wataalamu huiita Trentepohlia. Macho yako hayakukosea sana, mama: wekundu wa mwani huo unatokana na karotini, na karotini ndiyo inayofanya mawese yawe mekundu. Rangi ni ya ukoo mmoja. Aliyemwaga tu ndiye hayupo.

Ukifika, kabla ya chai, pitisha kidole ukutani. Mawese yatakuachia utelezi; mwani utakuachia unga. Ukitaka ushahidi wa mahakamani, dondosha jiki kidogo na uende ukasalimie wajukuu. Ukirudi ukuta ukawa umefifia, ni mwani, na itabidi ufikirie unavyoanza kumwomba radhi mtoto wa watu. Nashauri uanze kwa lita tano za mawese.

*

"Shangazi, nimesikia hii kuvu ya mawe iliwahi kuuzwa Ulaya. Nina viwanja vitatu vimejaa. Naomba namba ya mnunuzi.
Mjasiriamali, Ujiji."

Umechelewa kidogo. Katika karne ya 19 kuvu ya jamii ya Roccella ilichumwa kwenye miti na miamba ya pwani, ikakusanywa Unguja na kusafirishwa Ulaya pamoja na pembe na karafuu. Kutokana nayo walipata rangi ya zambarau ya kutia hariri na sufu. Karatasi za litimasi ulizochovya kwenye asidi ulipokuwa sekondari zilitokana na ukoo huohuo. Mwaka 1856 kijana wa London, William Perkin, akapata zambarau ya maabara alipokuwa akitafuta dawa ya malaria, na baada yake zikaja rangi nyingine za kiwandani, rahisi zaidi, biashara ikafa.

Na hata kama ingekuwepo: Roccella ni ndefu, inaning'inia, inachumwa kwa mkono. Ya kwako imegandamana na saruji, ukikwangua kiwanja kizima utapata kijiko, nusu yake mchanga. Isitoshe, ili zambarau itoke, wazee wale waliiloweka kwenye mkojo uliochacha, wiki nzima na zaidi. Majirani zako wa Ujiji wana haki zao.

*

"Shangazi, nimepanga nyumba Bangwe tangu Januari. Mwenye nyumba anadai pevingi ziliwekwa mwaka jana, madoa nimeyaleta mimi kwa kumwaga maji ya vyombo, na anataka kukata amana yangu. Najiteteaje?
Mpangaji."

Kwa rula ya shule.

Madoa haya hukua polepole kuliko ujenzi wa mabomba. Yale yaliyogandamana huongezeka milimita chache tu kwa mwaka, na mengine hayafikishi hata moja. Mwaka 1950 Mwaustria mmoja, Roland Beschel, alipendekeza kukadiria umri wa mawe kwa kupima upana wa madoa, na njia yake ikatumiwa na wapimaji wa barafu za milimani. Kila mahali kuna mwendo wake, na kwetu kwenye joto yanaweza kukimbia kuliko kule kwenye barafu, kwa hiyo usiende baraza la kata ukidai tarehe. Lakini tafuta doa moja lililo peke yake, la duara safi, lisiloungana na mwenzake. Likiwa na upana wa sarafu ya shilingi mia tano, si rahisi liwe la tangu Januari, wala la mwaka jana. Maji ya vyombo nayo, mwambie, huotesha ukoga wa kijani karibu na karo. Hayachori duara katikati ya ua.

Piga picha, rula ikiwa imelala juu ya doa, kabla hujamtamkia neno. Akishajua kwamba madoa yanataja umri, atakuja usiku na ndoo ya jiki.