Anaamka, Usiuze Kwanza: Barua ya Wazi kwa Wenye Wingu la Bure

Mkurugenzi,
Kitengo cha Huduma za Bure,
Kampuni ya Wingu (jina nimelihifadhi, nisije nikafungiwa akaunti).

YAH: MAOMBI YA KUPUNGUZIWA USINGIZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenyeji wa Kahama, mkoa wa Shinyanga, ila riziki yangu iko Katoro, Geita, kwenye makarasha ya kusaga mawe. Kwenye seva yenu ya Frankfurt nina mapacha wawili, Kulwa na Doto. Kulwa ni kikokotoo cha dhahabu: unaweka gramu na bei ya siku ya soko la Geita, anatoa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, anakwambia mkononi unabaki na nini. Doto anapanga foleni ya viroba vya mawe kwenye karasha ili watu wasishikane mashati. Wote mmewapokea bure. Wabeja sana.

Shida ni usingizi. Dakika 15 zikipita bila mtu kuwagusa, mnawalaza. Atakayewahitaji baada ya hapo anasubiri karibu dakika nzima waamke na kunawa uso.

Labda kwenu dakika moja ni dakika moja. Njooni muione ya Katoro. Juzi jioni mzee mmoja katoka kuosha, vumbi la karasha limemganda kwenye nyusi kama unga, kipande chake kimeviringishwa kwenye karatasi ya sigara. Broka yuko mbele yake na mizani ya betri. Mzee akamfungua Kulwa. Kiduara kikaanza kuzunguka. "Mzee wangu, na mtandao huo utakesha," broka akasema, huku anahesabu noti. Kiduara kinazunguka. Kulwa alipoamka na kuuliza kwa adabu, "Ingiza uzito", mzee alishakunja pesa yake na kuelekea kwa mama ntilie.

Mtasema sheria ni moja kwa wote. Haya. Lakini programu yenye watu elfu kumi hailali hata ikitaka, maana kila dakika kuna anayeigusa. Anayelazwa ni huyu wangu mwenye wateja thelathini, wanaokuja wakishamaliza kuosha. Usingizi wenu unamwangukia mdogo peke yake, na sisi wa machimboni hilo hatukuhitaji wingu kulijua.

Basi nimeweka mlinzi. Babu yangu alikuwa sungusungu Kahama miaka ya mwanzo ya 1980, akikesha na upinde na filimbi kwa ajili ya ng'ombe wa kijiji. Mlinzi wangu mimi ni kijiprogramu kinachokaa bure kwa jirani yenu, na kila dakika 10 kinambishia Kulwa hodi. Kulwa anaitika "nipo", hata hifadhidata hafungui, kisha kimya. Hodi 6 kwa saa, mgeni hakuna. Umeme mliotaka kuuokoa kwa kumlaza unaishia kwenye kuitikia hodi za mtu asiyekuwepo.

Na mlinzi naye ana usingizi wake! Faili zake zikikaa siku 60 bila kuguswa, jirani yenu anamsimamisha kazi. Kwa hiyo kabla miezi miwili haijaisha naingia, naongeza nukta moja, natoka. Mlinzi wa mlinzi ni mimi.

Halafu posho. Mmenipa saa 750 kwa mwezi. Mwezi wa siku 31 una saa 744, kwa hiyo pacha mmoja anakesha mwezi mzima na chenji ya saa 6 inabaki. Wakikesha wote wawili, posho inaisha siku ya 16 na wote mnawafungia nje mpaka mwezi mpya. Mnataka nichague pacha?

Sipazi sauti. Nakumbuka tarehe 28 Novemba 2022, wenzenu wa Heroku walipofuta huduma zao za bure, wakitaja utapeli na matumizi mabaya. Programu za watu siku hiyo hazikulazwa, zilizikwa.

Ninachoomba ni maneno manne tu ya Kiswahili kwenye ukurasa wenu wa kusubiri: "Anaamka, mzee, usiuze kwanza." Mengine nimejipangia mwenyewe, kwa zamu kama za wachimbaji duarani. Kulwa anakesha kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, maana mabroka nao wanakuwa macho. Doto anapokea hapo mpaka asubuhi, karasha letu likisaga. Na kwa kuwa mnahesabu hata zile dakika 15 za kusinzia, hodi ya mwisho ya kila zamu naipiga robo saa kabla. Jumla ni ileile, saa 744.

Zile 6 zinazobaki, tafadhali, msiziguse.

Wako katika ujenzi wa wingu,
Baba Kulwa na Doto,
Katoro, Geita.