Aliyenifukuza Ndiye Aliyenifungulia

Jumanne jioni, huko Seven Hills, Sydney, nilikwama ndani ya geti la vyuma, nusu nje nusu ndani, kama kuku kwenye tenga, nikimsubiri aje kunifungulia mtu niliyetoka kumwambia kwamba sitaki kuuona uso wake tena mpaka kiama. Kiama kilichukua dakika chache tu kufika.

Kabla ya hapo mambo yalikwenda vizuri mno. Ofisini kwa supavaiza nilirudisha kila kitu cha kampuni: kizibao cha njano, redio, kisu cha kukatia maboksi, kadi. Nikatia saini. Kisha nikasimama nikasema. Nilisema habari ya zamu za Jumapili, habari ya mgongo wangu, habari ya jina langu Salehe ambalo kwa miaka yote hiyo yeye amelifanya Sali. Nilimaliza na ile ya kiama, nikafunga mlango kwa nguvu ya kadiri, mtu mzima asionekane ana hasira. Nikakatiza uwanja kifua mbele. Dereva wa folklifti alinipigia honi mbili za heshima.

Kwamba kadi ndiyo inayofungua geti la kuingilia, hilo analijua kila mtu. Kwamba ndiyo hiyo hiyo inayofungua la kutokea, hilo hulifikirii mpaka siku usipokuwa nayo. Nililisukuma lile geti la kuzunguka, refu kupita kichwa, likaenda robo mzunguko, likagoma. Chuma kifuani, begi limenaswa mgongoni, taa nyekundu usoni.

Na hapa naomba radhi niseme kidogo, maana nilipata nafasi ya kukitazama kile kisanduku cheusi cha kusomea kadi kwa karibu, na tangu Jumanne nimekisoma mpaka usiku wa manane. Kadi ile haina betri. Ndani yake kuna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa pembezoni, na chipu ndogo mno. Kisanduku kinatoa uga wa sumaku unaogeuka-geuka, aghalabu mara milioni 13.56 kwa sekunde. Ukisogeza kadi, uga huo unazaa umeme ndani ya waya, jambo aliloligundua Michael Faraday mwaka 1831 bila kumdhamiria mtu ubaya. Umeme huo wa kuombaomba unatosha kuiamsha chipu. Inataja namba yake, inalala tena. Namba inakwenda kwenye kompyuta, inatafutwa kwenye orodha, komeo linaachia. Yote hayo kabla hujamaliza kupiga chafya. Halafu iko kanuni nyingine, na hii ndiyo iliyonivunja mbavu nilipoielewa: mfumo unakumbuka nani kaingia na hajatoka, ili kadi moja isiingize watu wawili. Maana yake, kwa kuwa supavaiza ndiye aliyenigongea kadi yake, kwa hesabu ya mashine yeye ndiye aliyetoka, na mimi mpaka leo nimo zamuni. Sijui kama wananilipa.

Nyuma yangu zamu ilikuwa inatoka, foleni imefika kwenye maegesho. Wenzangu wangeweza kunigongea kadi zao, lakini kumgongea mtu kadi ni kosa la kufukuzwa, na siku hiyo hakuna aliyetaka utani na neno hilo. Kando kulikuwa na kile kisanduku cha kijani cha dharura, cha kubonyeza moto ukitokea. Nilikifikiria kwa makini. Mwishowe nikabonyeza interkomu.

"Naam?"

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Salehe."

Kimya.

"Aa, Sali!"

Akaja. Hakuharakisha, wala hakuchelewa, na huo ndio ubaya wake. Tukatazamana katikati ya vyuma. Akagonga kadi, akasema, "Kila la heri, rafiki," kwa upole kabisa, na geti likanizungusha polepole mpaka barabarani mbele ya halaiki.

Toongabbie, tunakoishi, ni kituo kinachofuata tu kwa treni, lakini habari zilinitangulia. Nilimkuta mke wangu mlangoni.

"Baba Rehema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Uzazi gani nilio nao, mama, umri huu na mgongo huu?"

"Wako umekwisha. Wa Juma je?"

Juma ni mtoto wa dada yangu. Aliingia ghala lile kwa neno langu, kama walivyoingia Warundi wawili na yule kijana wa Bukavu. Huku wasifu wako hautazamwi sana, anatazamwa aliyekuleta. Kwa hiyo mdomo wangu si wangu peke yangu, mke wangu alimaanisha hivyo, na sikuwa na jibu, nikadai chakula.

Lakini acheni niseme kilichonichemsha. Si kupunguzwa kazi. Ghala limeleta mashine za kupanga mizigo, na mashine haziugui mgongo, hilo naliona. Kilichonichemsha ni jedwali. Sheria ya kazi ya Australia, Fair Work ya mwaka 2009, kifungu cha 119, inataja mtu aliyepunguzwa alipwe mshahara wa wiki ngapi. Ukitimiza mwaka 1, wiki 4. Miaka 2, wiki 6. Miaka 3, wiki 7. Miaka 4, wiki 8. Miaka 5, wiki 10. Miaka 6, wiki 11. Miaka 7, wiki 13. Miaka 8, wiki 14. Miaka 9, wiki 16. Unauona mwendo. Ukitimiza miaka 10 na kuendelea: wiki 12.

Nilidhani wachapaji wamekosea. Hawakukosea. Asili yake ni uamuzi wa mwaka 2004 wa tume ya kazi ya wakati huo. Hoja ilikuwa kwamba mwenye miaka 10 tayari ana likizo yake ya utumishi mrefu, basi asile kuwili. Hoja tamu. Ila hapa New South Wales sheria ya likizo hiyo, ya mwaka 1955, inampa fungu lake hata aliyefika miaka 5, mradi mwajiri ndiye aliyemwachisha na hakuna kosa kubwa. Kwa hiyo mwenye miaka 9 na miezi 11 anaondoka na wiki zake 16 pamoja na likizo karibu yote. Mwenye 10 anaondoka na 12 na likizo. Nyumbani Tanzania sheria ya mwaka 2004 inatoa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, na hesabu inasimama kwenye mwaka wa 10. Kenya ni siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka. Ni kidogo, tena mara nyingine kuipata ni kesi. Lakini huko kwetu hakuna mahali unapofanya kazi mwaka mmoja zaidi ukapungukiwa.

Mimi niliitwa kwenye mashauriano nikiwa bado sijatimiza 10. Kikao cha kwanza kikaahirishwa, mama wa idara ya utumishi yuko likizo. Cha pili, chumba kina watu. Cha tatu kikaangukia sikukuu. Walipokuwa tayari kushauriana nami, nilikuwa nimeshavuka. Sisemi walifanya kusudi. Nasema kalenda iko ukutani mwao, kubwa, ina picha ya kangaruu, na wote wanajua kusoma. Wiki nne za mshahara ni kodi yetu ya nyumba na nauli ya kwenda kumzika mtu Tanga. Hazikupotea, ziko mahali, na kuna mtu aliyepongezwa kwa kuzibakiza.

Hayo ndiyo niliyotaka kumwambia supavaiza, na hayo ndiyo ambayo sikumwambia, kwa sababu nilipofungua mdomo ilitoka habari ya jina.

Ningeyapeleka wapi mengine? Tume ya Fair Work inakupa siku 21 za kulalamika kwamba umeachishwa kwa dhuluma, Jumapili zikiwemo. Ila kama kazi yenyewe haihitajiki tena na mlishauriana, mlango huo aghalabu haufunguki, na tulishauriana, nina saini yangu. Kampuni ilinitumia dodoso la maoni ya wanaoondoka: sababu ya kuondoka ni lazima uijaze, na kwenye orodha kuna masomo, kuhama, afya na nafasi bora zaidi, hakuna "mlinitoa". Nikachagua afya. Cheti cha kuachishwa kazi cha kupeleka Centrelink, ofisi ya serikali ya misaada, kilikuja, kimeandikwa Sali. Keki ya kuniaga ilikuwa nzuri.

Mtaa wetu huu wa Toongabbie ulianza mwaka 1791 kama shamba la serikali, likilimwa na wafungwa walioletwa kwa meli kutoka Uingereza. Wale nao walikuwa na malalamiko kwa mwajiri, na sidhani walipewa dodoso.

Sasa naandika barua kwa mbunge, maana jedwali si la supavaiza, ni la Bunge. Mke wangu ameisoma, amefuta vivumishi vyote, imebaki nusu ukurasa na tarakimu. Nilikuwa naibandika stempu jana Juma aliponiletea ujumbe kwenye simu: "Mjomba shikamoo. Leo supavaiza kaniuliza kama wewe ni ndugu yangu. Nimemwambia tunatoka nchi moja tu."

Nchi moja. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61, na kijana kanichanganya humo humo.