Ngo-Ngo-Ngo Mpaka Ulaya

Wahenga waliposema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, naamini walikuwa wanazungumzia gari la kijana wa mjini. Mimi kunguni wake niliwasikia siku ya pili, kabla hata sijawaona.

Gari nililinunua Dar es Salaam. Lilikuwa limeinama utadhani linatafuta hela iliyodondoka chini ya bampa. Muuzaji akanieleza, kifua mbele, kwamba shokapu za kiwandani zilishatolewa zamani, zikawekwa koilova: shokapu na springi kitu kimoja, mwili wake una nyuzi kama bolti, ukizungusha pete gari linapanda au linashuka upendavyo. "Hizi ni za mashindano, mzee." Tulilijaribu kwenye lami iliyonyooka, likateleza kama mlenda. Nikataka tusogee kidogo hadi kwenye matuta. Akageuza. "Huko mbele kuna foleni, mzee wangu."

Wasiopajua kwetu niwaeleze. Ukitoka Kilosa mjini kwenda Mikumi unapita Ulaya. Ndiyo, Ulaya. Haidai viza wala haina theluji, ina vumbi na mashimo tu. Kwenye kipande hicho ndipo gari lilipofungua kinywa. Mbele kushoto, ngo-ngo-ngo. Nikikata usukani, kting! kama mtu kapiga waya wa uzio kwa nyundo. Juu yake kuna kriii ya kitanda cha chuma cha bweni. Gari limetengenezwa Japani, limekulia Dar, linakuja kufia Ulaya.

Si kwamba Kilosa hatujazoea vyuma. Reli ya kati imepita hapa tangu enzi za Mjerumani. Lakini siku hizi treni ya umeme inapenya milima yetu kwenye mahandaki, kimya kama paka, halafu mimi mwenye gari la tani moja na ushee nasikika kabla sijafika kwenye kona. Mbuzi wananipisha mapema kuliko wanavyolipisha lori. Shangazi, niliyempa lifti kwenda harusini Mikumi, alishika tasbihi tukiwa Kilosa na hakuiachia mpaka tulipokanyaga lami. Alipokuwa anashuka akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiki ulipewa au ulikinunua?"

Sasa, kelele za gari ni kama homa: kila mtu daktari. Fundi wa kwanza alitikisa tairi, akasema boljointi. Nikabadilisha. Ngo-ngo-ngo. Wa pili akasema bushi. Nikabadilisha, naye akakaza bolti zote gari likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia. Nilikuja kujua baadaye kwamba bushi ya mpira hukazwa gari likiwa limekalia uzito wake. Ukiikaza linaning'inia, siku likishuka mpira unakaa umejipinda saa zote, kama mtu aliyelalia shingo vibaya, na haukawii kuchanika. Wa tatu hakushika hata spana. Alinisikiliza, akafungua buti, akatoa jeki, akasema kelele ndiyo hii, akanitoza elfu tano. Jeki niliiacha nyumbani. Ngo-ngo-ngo nikaenda nayo.

Aliyenitoa ujinga ni mzee mmoja wa Mikumi anayetengeneza malori ya Zambia chini ya mti. Hakuuliza nimebadilisha nini. Aliingiza mkono, akaweka kiganja juu ya springi, akaniamuru: "Kata usukani. Rudisha." Kting! Akauchomoa mkono kama kaumwa na siafu. "Springi inakwama, halafu inaruka," akasema. "Imelegea mahali pake." Akanionyesha pete mbili chini ya springi: ya juu inabeba springi, ya chini inaikaba ya juu isihame. Kisha akamwita binti anayeuza chai, akaazima rangi ya kucha, nyekundu ya harusini, akachora mstari mmoja kupita pete zote mbili hadi kwenye mwili wa shokapu.

"Haya, nenda Ulaya urudi."

Nikaenda Ulaya, nikarudi. Tukachungulia. Ule mstari ulikuwa umekatika vipande vitatu, na pete ya chini imehama upana wa kidole gumba. Boljointi mpya, bushi mpya, kumbe mgonjwa ni pete!

Mzee akasugua nyuzi kwa burashi ya waya, akakaza pete kwa spana ya ndoano aliyoichomelea mwenyewe. Kting ikafa palepale. Ngo-ngo ikapungua. Kriii ikabaki, na hapo mzee akatikisa kichwa. Kule juu, shokapu inaposhikana na bodi, gari la kiwandani lina mpira. Koilova yangu ina gololi ya chuma ndani ya kikombe cha chuma. Kwenye uwanja wa mashindano uliofagiliwa, safi. Vumbi la Ulaya likiingia humo, linasaga kama jiwe la kusagia. Ile ngo-ngo iliyobaki? Gari likishushwa, linki za stablaiza zinakaa upande na kugonga, na shokapu inabakiwa na nafasi finyu, kila shimo inagota. "Tafuta za kiwandani," akasema. "Hata za mtumba, bora nzima, na mpira wake wa juu."

Nilipotajiwa bei, nikaona ngo-ngo-ngo ina utamu wake.

Jumamosi iliyopita alikuja kijana kutoka Morogoro kuliona gari. Tulikutana Mikumi. Lilivyoinama tu, macho yakamng'aa. Nikamweleza habari za koilova, nikamweleza na mashindano. Tukashika lami kuelekea hifadhini, ile barabara kuu inayoikata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, ambako mwendo mwisho ni 70 na matuta yamewekwa ili wanyama wavuke salama. Gari likateleza kama mlenda. Kwa mbali nikaliona tuta la kwanza. Nikapunguza mwendo, nikageuza.

"Mbona tunarudi, mzee?"

"Huko mbele kuna tembo, mwanangu."