Bingwa wa Baiskeli Asiye na Shahidi

Ndugu yangu, kosa lako ni kuwakabidhi mtengenezaji wa kifaa chako cha baiskeli na wenye programu za mazoezi takwimu za safari zako. Hao hawana siri. Januari 2018 ramani ya programu ya mazoezi ya Strava iliumbua hata kambi za jeshi. Watashindwa kuumbua kibanda cha chipsi unaposimama kila Jumamosi? Halafu Julai 2020 wadukuzi wakazifunga seva za Garmin, watengenezaji wa vifaa hivyo, watu wakakaa siku kadhaa wametoka jasho na hakuna wa kulisifia. Hamishia mali yako nyumbani.

1. Chomeka kifaa kwenye kompyuta kwa waya. Garmin Edge nyingi hujitokeza kama flashi. Nakili mafaili yote ya FIT, yaani rekodi za safari zako. Usiyachungulie sasa, yana ukweli mwingi mno.

2. Pakua GoldenCheetah. Ni programu huria, ya bure, na hesabu zake huzifanya hapo hapo kwenye kompyuta yako. Itakuchorea wati, mapigo ya moyo na uchovu. Si lazima uelewe. Wageni wakibisha hodi, iache wazi kwenye skrini.

3. Hapa ndipo penye utamu. Heshima ya mpanda milima ni wati kwa kilo. Kuongeza wati ni miezi ya mateso, kupunguza kilo ni kazi ya kidole kimoja. Una wati 240 na kilo 80? Hiyo ni 3 tu. Andika kilo 68, tayari umepanda hadi 3.5 bila kuacha chapati. Ila kuwa na kiasi: ukiandika kilo 40 utafika 6, kiwango cha wapanda milima wa Tour de France, na majirani wanakuona ukihema kwenye ngazi.

Ukipima uwezo wako, wataalamu husema kanyaga kwa nguvu zote dakika 20, kisha chukua asilimia 95 ya wastani wa wati zako. Zile dakika kanyaga. Hiyo 95 isahau.

4. Safari ya aibu igeuze kuwa GPX. Hilo ni faili la maandishi matupu, hata Notepad hulifungua. Tafuta pale uliposukuma baiskeli, futa mistari, hifadhi.

5. Weka nakala mbili. Iliyorekebishwa ikae mezani. Ile halisi ifunge kwa nywila ndefu, na nywila yenyewe usiiandike popote.